Mtambo Usiojua Kuachia

Nchi ninayoisimulia haipo popote, kwa hiyo msihangaike kuitafuta kwenye ramani, wala msianze kutazamana. Kwenu mambo haya hayajawahi kutokea. Yalitokea huko, kwa watu wa huko, na mimi nayaleta kama nilivyoyapokea, bila chumvi, kwa sababu hayakuwa na nafasi ya kuongezwa chumvi.

Basi huko palikuwa na Mtambo. Ulikuwa kompyuta kubwa iliyokaa peke yake katika jumba lenye viyoyozi vingi kuliko hospitali zote za nchi zikijumlishwa, na kazi yake ilikuwa kukumbuka. Ulikumbuka nani raia na nani waziri, nani afuatwe na gari asubuhi na nani aende kwa miguu, nani alazwe wodi ipi na apasuliwe nini. Serikali ilikuwa imechoka kukumbuka. Viongozi walisema taifa kubwa halikai na mambo kichwani.

Mtambo ulikuwa na kasoro moja ndogo: kila siku ulizimia. Asubuhi ulirukaruka kama ndama. Jua likipanda ulianza kuburuta miguu. Adhuhuri uliganda kabisa, na nchi nzima ikaganda nao. Magari ya serikali yalisimama kwa kuwa hayakujua yanamfuata nani, na wagonjwa walibaki mlangoni kwa kuwa hapakuwa na wa kuthibitisha kwamba wanaumwa.

Nchi nyingine ingetafuta fundi. Nchi hii ilitafuta bendi. Waziri wa Mitambo na Heshima za Taifa, Mheshimiwa Dokta Balozi Kanali Mstaafu Pazi Mbelwa, alianzisha Sherehe ya Kuuamsha Mtambo. Kila asubuhi bendi ya polisi ilipiga, watoto wa shule wakaimba, na Mheshimiwa Pazi akapanda jukwaani na glavu nyeupe, akauzima Mtambo, akauwasha tena. Ukizimwa, Mtambo ulimwaga kila ulichokuwa umekilimbikiza. Ukiwashwa, ulikuwa mwepesi kama mtu aliyetoka kuoga. Umati ulipiga makofi. Shemeji yake Mheshimiwa alipata zabuni ya maua. Baadaye ikatungwa sheria kwamba kuuwasha Mtambo bila bendi ni uhaini.

*

Wakati huo wizara iliajiri mtaalamu wa programu za kompyuta aitwaye Sikujua Mlawa. Jina alipewa na bibi yake. Mama yake alikuwa ameulizwa kwa nini hakuwaambia watu mapema kwamba ana mimba, naye akajibu hivyo, na jibu likamwangukia mtoto.

Sikujua alikuwa mwanamke mwenye subira na macho ya kuchungulia. Kabla hajaonyeshwa kiti chake alikuwa ameanza kuisoma programu inayouendesha Mtambo. Aliisoma yote, kitu ambacho hakikuwahi kufanywa, hata na mpwa wake Mheshimiwa aliyeiandika. Huyo mpwa aliandika kwa haraka sana, maana tarehe ya uzinduzi ilitangazwa kabla ya mtu yeyote kufikiria kitakachozinduliwa. Alipomaliza kusoma, Sikujua akaomba kumwona Waziri.

"Mheshimiwa, shikamoo. Mtambo hauumwi. Umevimbiwa."

"Umevimbiwa nini?" aliuliza Mheshimiwa Pazi.

"Nafasi. Programu ikitaka kukumbuka jambo, huomba nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Jambo likiisha, inatakiwa irudishe ile nafasi ili itumike kwa mengine. Hii yetu inaomba tu, hairudishi. Ni sawa na mtu mwenye shughuli anayeazima masufuria ya majirani. Pilau imeliwa, wageni wameondoka, masufuria yako uvunguni kwake. Kesho ana shughuli nyingine, anaazima tena. Mwisho mtaa mzima hauna hata sufuria la kuchemshia uji wa mtoto."

Mheshimiwa alifikiri. "Na huyo mwenye masufuria yote, mtaa unamwonaje?"

"Wanamlaani, Mheshimiwa."

"Lakini wanamheshimu."

"Labda wanamwogopa."

"Kwa matumizi ya serikali ni kitu kilekile," alisema Mheshimiwa. "Haya, dawa yake nini?"

"Ni ndogo. Kila mahali ambapo programu imemaliza kutumia nafasi, naiongezea amri ya kuirudisha. Amri yenyewe inaitwa *achia*."

Katibu aliyekuwa akiandika aliinuka akafunga dirisha. Mheshimiwa Pazi alikwenda kwenye ukuta uliokuwa na picha ya Rais, akainama kuiomba radhi, kisha akaigeuza itazame ukuta.

"Binti," alisema kwa sauti ya chini, "neno hilo halitamkwi katika jengo hili. Kuna mwanafunzi aliwahi kuliandika ukutani kwa mkaa. Tuliubomoa ukuta."

"Tunaweza kuiita jina lingine, Mheshimiwa."

"Kama lipi?"

"Rudisha."

"Hilo ndilo baya zaidi!"

Ikaundwa Kamati ya Istilahi itafute neno la kizalendo. Kamati ilikaa hotelini pwani hadi wajumbe wakanenepa, ndipo ikatoa taarifa: lugha yetu ni tajiri, ina maneno mengi ya kupata, kushika, kukalia na kung'ang'ania, ila kwa lile tendo jingine, utafiti unaendelea.

*

Mambo yangebaki hivyo kama isingekuwa Siku ya Taifa. Rais alihutubia uwanjani akisoma maneno kwenye kioo alichowekewa mbele yake, na kioo kililetewa maneno na Mtambo. Siku hiyo Mtambo ulikuwa umekumbuka majina ya wageni wote, vyeo vyao, na vyeo vya wake zao, kwa hiyo ulizimia mapema. Kioo kiliganda kwenye maneno "Ndugu wananchi, serikali yangu."

Rais alikuwa msomaji mwaminifu. Alisoma alichokiona. "Ndugu wananchi, serikali yangu," alisema, akasubiri. Kioo hakikubadilika. "Ndugu wananchi, serikali yangu," akasema tena, kwa ukali zaidi. Uwanja ulishangilia. Akaendelea hivyo hadi gwaride likaanza kuanguka kwa jua. Kesho yake magazeti yaliandika kwamba hotuba ilikuwa fupi kwa maneno, ndefu kwa busara.

Lakini Rais mwenyewe koo lilikuwa limekauka, na alikasirika. Akamwita Mheshimiwa Pazi.

"Huo Mtambo wako una nini?"

"Umevimbiwa, Mtukufu. Wataalamu wanasema kuna vitu unavishikilia."

"Basi uviachie!"

Mheshimiwa Pazi nusura azirai. Alitazama kushoto na kulia kama kuna aliyesikia. Lakini neno likishatoka kinywani mwa Rais huwa safi, na kabla jua halijazama lilikuwa limeandikwa kwenye mabango: ACHIA KWA MAENDELEO. Kila idara ikaamriwa kuachia nafasi zilizomo katika Mtambo, na afisa atakayeachia nyingi kuliko wenzake atapewa jokofu.

Sikujua alipoliona bango alikwenda mbio kwa Waziri.

"Mheshimiwa, kuachia kuna adabu yake. Aachie yule aliyeomba, si kila mpita njia. Aachie baada ya kumaliza, si kitu bado kinatumika. Aachie mara moja tu, maana ukiachia tena kile ulichokwisha kuachia, unamtupa nje mtu mwingine aliyeingia baada yako. Na ukishaachia, usahau kabisa ilipokuwa. Usirudi kugonga mlango ule, kwa sababu ndani sasa yumo mwingine."

"Hayo ni ya vitabuni," alisema Mheshimiwa Pazi akijifunga tai. "Sisi tuko kwenye utekelezaji. Halafu mimi nasafiri. Nakwenda ng'ambo, kwenye mkutano wa uwajibikaji."

"Kampeni isubiri basi mpaka urudi."

"Jokofu limeshanunuliwa," alisema Mheshimiwa, akaita gari.

Sikujua akapewa cheti cha uzalendo na meza mpya jirani na choo.

*

Afisa aliyelitaka jokofu kuliko wote aliitwa Chikopela. Kabla ya kampeni hakuwa amewahi kugusa kompyuta. Aliajiriwa wizarani kwa ajili ya sauti yake ya kwaya. Lakini alikuwa na kanuni rahisi: kilichonyamaza hakihitajiki. Alipita ndani ya Mtambo akitazama nafasi moja baada ya nyingine. Yenye pilikapilika aliiacha. Iliyotulia aliiachia, huku akiimba.

Akafika kwenye nafasi moja pana, yenye zulia, tuseme, ambayo ilikuwa imetulia tuli. Ilikuwa nafasi ya Mheshimiwa Pazi Mbelwa, ambaye wakati huo alikuwa amelala kwenye mkutano wa uwajibikaji. Chikopela hakusoma jina. Kusoma kunachelewesha. Akaiachia, na jokofu likawa lake.

Asubuhi hiyohiyo, katika Hospitali ya Taifa, mwanamke aitwaye Bi. Mwasiti aliandikishwa kwa ajili ya upasuaji. Alikuwa muuza mihogo ya kukaanga getini hapohapo hospitali, mjane mnene mwenye kicheko kikubwa, na kwa muda mrefu alikuwa na uvimbe kwenye kizazi uliokuwa ukimtoa damu. Karani alibonyeza, Mtambo ukatafuta pa kumweka. Ukakuta nafasi moja wazi, bado ina joto. Ukamweka humo: jina lake, mihogo yake na uvimbe wake. Akaambiwa aende nyumbani, ataitwa.

Sasa hapa ndipo maneno ya Sikujua yalipotimia. Nafasi ilikuwa imeachiwa, lakini hakuna sehemu ya programu iliyoambiwa isahau ilipokuwa. Ile inayotuma magari ilijua jambo moja tu: waziri yuko pale. Inayofungua milango ya Ikulu ilijua hivyohivyo. Nazo hazikuwa na tabia ya kuchungulia ndani.

*

Msafara ulimkuta Bi. Mwasiti anageuza mihogo kwenye karai. Magari meusi yalijipanga hadi barabara kuu. Bwana Shomvi, mkuu wa itifaki, alishuka, akapiga hatua, akainama.

"Mheshimiwa, tunachelewa kikao cha Baraza la Mawaziri."

Bi. Mwasiti aligeuka nyuma kuona anayeambiwa. Nyuma palikuwa na ukuta.

"Mimi?"

"Wewe, Mheshimiwa."

"Baba, umepotea njia. Mimi nina mihogo motoni."

"Mihogo nayo itakuja, Mheshimiwa," alisema Bwana Shomvi, akamwashiria mlinzi abebe karai.

Msidhani Bwana Shomvi alikuwa mjinga. Aliona wazi kwamba uso haukuwa ule wa jana. Lakini alikuwa mtumishi wa siku nyingi, ameshaona nyuso nyingi zikibadilika ghafla kwenye kiti kile, na alijua kwamba anayeuliza ndiye anayefuata kubadilika.

Barazani Bi. Mwasiti aliketishwa kati ya Waziri wa Mvua na Waziri wa Ahadi. Hofu ilimkaba mwanzoni. Lakini alisikia kila anayeulizwa anasema "naunga mkono," na alipoulizwa naye akasema "naunga mkono," na watu wakaandika. Waziri wa Ahadi alimnong'oneza kwamba leo amezungumza vizuri kuliko siku zote. Hofu ikamtoka. Walipofika kwenye mengineyo, Bi. Mwasiti alinyoosha mkono.

"Pale getini hospitali," alisema, "kuna mwanamke anaitwa Mama Shukuru. Anauza mihogo, halafu anatoa kachumbari bure. Bure! Anaharibu soko. Aondolewe."

Jambo lilipitishwa chini ya kifungu cha usalama wa taifa. Kesho yake tingatinga lilikuja, likakanyaga banda la Mama Shukuru na sufuria lake la kachumbari. Madaraka yalimwingia Bi. Mwasiti upesi kuliko mihogo inavyoiva.

Akafuatwa na magari kesho yake tena, na kesho kutwa. Alianza kufunga kilemba kirefu. Damu iliendelea kumtoka, naye aliendelea kujifunga vitambaa na kukaa wima, kwa sababu barazani haondoki mtu kabla ya Rais, na Rais alipenda kukaa.

*

Mheshimiwa Pazi alirudi kutoka mkutanoni. Uwanja wa ndege haukuwa na zulia wala maua. Alidhani ni mapinduzi, akajificha chooni kidogo, kisha akatoka akajipanga foleni kama binadamu. Afisa wa uhamiaji alimwomba namba yake, akaibonyeza. Namba ilimpeleka pale ilipozoea kumpeleka.

"Karibu nyumbani, Bi. Mwasiti," alisema afisa.

"Unasemaje wewe?"

"Muuza mihogo, mjane." Afisa alisogea karibu na kioo cha kompyuta, akaingiwa na huruma. "Pole sana, mama. Inaonekana hutakiwi hata kusimama. Unatakiwa upasuliwe haraka."

Mheshimiwa alipayuka. Alitaja vyeo vyake vyote kwa mpangilio wake: udokta, ubalozi, ukanali. Mishipa ya shingo ilimtoka, presha ikapanda, akaanguka chali katikati ya mizigo ya watu. Gari la wagonjwa likamchukua, na hospitalini wakaibonyeza namba ileile.

Alipozinduka alikuwa amevalishwa gauni la kijani lililofungwa mgongoni, na Daktari Rwiza amesimama juu yake. Daktari alimtazama mgonjwa, akatazama kioo. Mgonjwa alikuwa na masharubu. Kioo kilisema ana uvimbe kwenye kizazi. Daktari alitazama tena masharubu, kwa muda, kisha akakiamini kioo.

"Daktari," alisema Mheshimiwa Pazi, "mimi ni mwanamume."

"Usiogope, mama. Wengi huweweseka kabla ya sindano."

"Nitazame!"

"Nimekutazama," alisema Daktari Rwiza, na sauti yake ilishuka, ikawa ya mtu mwenye watoto wa kusomesha. "Lakini iko Sheria ya Kuuheshimu Mtambo. Daktari akipingana na Mtambo anafungwa."

"Sheria hiyo nimeitunga mimi!"

"Basi unajua kifungo chake."

Mheshimiwa alidai simu, akapiga ofisini kwake mwenyewe. Simu ilipokelewa papo hapo.

"Mheshimiwa Waziri hapa," ilisema sauti ya mwanamke. "Nani mwenzangu?"

"Waziri ni mimi!"

"Hata mimi siku ya kwanza sikuamini," ilisema sauti kwa upole. "Piga baadaye, naelekea kikaoni."

Mheshimiwa Pazi alikaa na simu sikioni hata baada ya kukatika. Kwa mara ya kwanza tangu aapishwe, machozi yalimtoka bila kamera.

*

Sikujua, kwenye meza yake jirani na choo, ndiye aliyeona. Kwenye kioo chake nafasi moja ilikuwa ikiagiziwa msafara wa magari kwa mkono huu na kisu cha daktari kwa mkono ule. Alielewa kwamba kuna watu wawili, mmoja atakatwa kisichokuwa chake, na mwingine atanyimwa kilicho chake. Alichukua kompyuta yake ndogo akakimbilia hospitali, viatu mkononi.

Aliingia chumba cha upasuaji bila kubisha.

"Simameni!"

"Wewe nani?" aliuliza Daktari Rwiza.

"Sikujua."

"Kama hukujua, toka nje."

"Ndilo jina langu! Huyu siye mgonjwa wenu!" Akamwinamia Mheshimiwa, ambaye tumbo lilikuwa limekwisha kupakwa dawa. "Mheshimiwa, nafasi yako iliachiwa ukiwa safarini, akapewa mama mmoja. Kila kinachokutafuta wewe kinamkuta yeye, na ukitaja namba yako linakuja jina lake na ugonjwa wake. Inabidi niziambie sehemu zote za programu zisahau pale pa zamani, halafu nikuombee nafasi mpya."

"Fanya! Fanya sasa hivi!"

"Siwezi. Sheria yako inasema waziri haondolewi mahali pake mpaka atamke mwenyewe."

"Atamke nini?"

"Unalijua, Mheshimiwa."

Mheshimiwa Pazi alikitazama kisu. Akaitazama dari. Alikumbuka ukuta alioubomoa.

"Siwezi kusema 'napisha kwa muda'?"

"Programu haielewi kwa muda."

"'Nalifanyia kazi'?"

Daktari Rwiza alivuta glavu, zikalia *pwa*.

"Naachia," alisema Mheshimiwa, kama mtu anayetema mfupa.

"Kwa sauti. Sheria inasema kwa sauti."

"NAACHIA!"

Ilikuwa sauti iliyozoea viwanja vya mpira. Ilitoka dirishani, ikashuka hadi bustanini, ambako mwandishi wa redio ya taifa alikuwa akingoja kutangaza uzinduzi wa bomba la maji. Aliliacha bomba. Dakika hiyohiyo nchi nzima ilisikia kwamba waziri ameachia, na wazee waliulizana hilo neno lina maana gani likitumika kwa mtu. Rais alitikisa kichwa kwa mshangao, akakubali haraka, kabla Pazi hajabadili mawazo.

Sikujua alipiga magoti akafanya kazi juu ya kitoroli cha dawa. Moja baada ya nyingine, aliziondolea sehemu za programu ile kumbukumbu ya mlango wa zamani: ya magari, ya milango, ya simu, ya mishahara, ya saluti. Kisha akaomba nafasi mpya mbili, ya Pazi Mbelwa na ya Bi. Mwasiti, kila mtu na yake.

"Chumba kiko tayari na sasa sina mgonjwa," alisema Daktari Rwiza, kana kwamba aliyepona ni yeye.

"Mgonjwa yupo," alisema Sikujua. "Yuko barazani."

*

Alimkuta kikao kimekwisha, mawaziri wametoka, mwenyewe amebaki kitini. Midomo ilikuwa myeupe. Mikono yote miwili ilishika viegemeo vya kiti.

"Mama, nimekuja kukuchukua. Hospitali wanakungoja."

"Nikitoka hapa, nitarudi?" aliuliza Bi. Mwasiti.

"Mama, unavuja damu. Tazama zulia."

"Nimeliona. Wanalibadilisha kila jioni, hawasemi kitu." Alicheka, kicheko kikakatika. "Mwanangu, pale getini nimekaa miaka na miaka, daktari anapita ananunua muhogo, hajawahi kuniuliza mbona nimepauka. Hapa nikikohoa tu wanasimama watu kumi. Sasa uniambie niinuke?"

Sikujua alichuchumaa, akambandua kidole kimoja, akakishika. Kilikuwa cha baridi. Akambandua cha pili.

"Mimi sikuambii mambo ya kiti," alisema, machozi yakimtoka. "Upasuaji ni wako, uliandikishwa kwa jina lako. Daktari amevaa glavu. Usinifie hapa, mama."

Bi. Mwasiti alimtazama, akaona kwamba mtu huyu analia kwa ajili yake na wala hajamwita Mheshimiwa. Akamwegemea begani, wakatoka.

Alipasuliwa siku hiyohiyo. Uvimbe uliotolewa, kwa maneno ya Daktari Rwiza, ulikuwa na ukubwa wa kutosha kupewa wilaya.

*

Iliundwa Tume ya Uchunguzi, yenye jaji, shehe, askofu na mpishi. Mwenyekiti aliuliza swali moja kubwa: "Nani alijua kwamba kuachia ovyo kungeleta balaa hili?"

"Sikujua," alijibu Bwana Shomvi.

"Sikujua," alijibu Chikopela, akaliangalia jokofu lake.

"Sikujua," alijibu Pazi Mbelwa, na yeye peke yake alikuwa anamtaja mtu.

Tume iliandika kwamba hakuna aliyejua, ikawasafisha wote, na Chikopela akapandishwa cheo. Pazi Mbelwa sasa huzunguka nchi za nje akilipwa kutoa mihadhara juu ya ujasiri wa kuachia. Hukigusa kitovu chake kila anapofika sehemu ya kusisimua. Mtambo hauzimii tena. Unaomba nafasi, unatumia, unarudisha, unasahau. Bendi imebakishwa, kwa kuwa bendi haikuonekana na kosa.

Waziri ni Bi. Mwasiti. Rais alimthibitisha akiwa bado kitandani, akisema amependa ufupi wake. Alipopata nguvu za kukaa ofisini, Sikujua alimpelekea kanuni mpya za Mtambo aziidhinishe. Zilikuwa chache: anayeomba nafasi ndiye anayerudisha, arudishe akishamaliza, arudishe mara moja, na akirudisha asigonge tena.

Bi. Mwasiti alizisoma kwa kidole, akaafiki zote. Aliulizia hali ya Sikujua, akaagiza meza yake ihamishwe kutoka chooni.

"Na Mama Shukuru je?" aliuliza Sikujua. "Banda lake?"

"Hilo linafanyiwa kazi."

Sikujua akajikaza. "Mama, nikuulize jambo jingine, usikasirike. Hapa ulipo uliingia kwa makosa ya programu. Makosa nimeyasahihisha. Huoni kwamba..."

"Hebu nisomee tena ile ya pili," alisema Bi. Mwasiti.

"'Arudishe akishamaliza kutumia.'"

Bi. Mwasiti alijisogeza kitini taratibu, kwa ajili ya mshono, hadi mgongo ukakaa sawasawa.

"Ehe," alisema. "Sasa nani amekwambia nimemaliza?"